Kitabu cha Krismasi Nilichoambiwa Nirudie

Mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kujalidi vitabu, nyinyi wawili mliobaki karakanani. Vyeo sitavitaja. Niliingia mjalidi wa kujifunza nikatoka mjalidi, na katikati hapakuwa na ngazi yoyote. Mikono ndiyo iliyostaafu, mimi nimeifuata tu. Kifundo cha mkono wangu wa kulia hakikubali tena kusukuma msharasi, ile sindano nene yenye mpini tunayotobolea karatasi kabla ya kushona, na mjalidi asiyeweza kutoboa ni msomaji tu.

Nianze na siku ya kwanza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati wa baridi. Karakana ilikuwa palepale mnapopajua, juu ya duka la vipuri vya magari, ila ngazi zilikuwa hazijapakwa rangi. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Nilikuja Birmingham kutoka Voi na mume ambaye hakukaa sana duniani, na baada yake nilijifunza kujalidi peke yangu kwa kitabu cha maktaba, juu ya meza ya jikoni huko Lozells, kwa gundi ya watoto wa shule na matofali mawili badala ya presi ya kubania. Nilibeba vitabu vitatu nilivyovitengeneza, kama ushahidi.

Aliyenifungulia mlango alikuwa mzee wa Kisikh, mwembamba, mwenye kilemba cha kijivu na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umepandishwa kwenye paji la uso. Nilianza kujieleza, jina langu Mshai, kwa Kiingereza changu cha kupimapima. Akanisikiliza kidogo, akanikatiza.

"Wewe natoka Kenya."

"Ndiyo. Voi."

"Mimi Kisumu. Leta hiyo vitabu."

Hakuvifungua. Alivisimamisha mezani kimoja kimoja, akaondoa mkono. Cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka. Cha tatu kikabaki wima, lakini kimeinama upande.

"Hii moja nataka kusimama," akasema, "lakini naona haya. Kesho kuja. Saa mbili. Saa mbili ya kwetu."

Huyo ndiye Fundi Sohan. Nyinyi mmeona tu jina lake limechorwa kwenye mpini wa kile kisu cha ngozi.

Kesho yake saa mbili ya kwetu nilifika, naye akanipa kazi ya kwanza kabla sijavua koti. "Pika uji. Ya ngano. Nyepesi." Palikuwa na jiko dogo la umeme, sufuria, na mfuko wa unga. Nikaona mambo yamekuwa mema: mahali ambapo mtu huanza kazi kwa uji ni mahali pa watu. Nikashuka dukani kununua sukari na ndimu, nikapika uji kama wa nyumbani. Fundi akachovya brashi humo, akaipeleka kwenye karatasi, akasita. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya kidole.

"Umetia sukari."

"Uji bila sukari ni wa mgonjwa, fundi."

"Mshai, hii ni uji ya vitabu. Hii ni gundi."

Mama Benie, mshonaji wetu, mwanamke wa Bukavu, aliweka sindano chini ili acheke vizuri. "Dada! Umepikia vitabu chai ya asubuyi! Sasa utavipatia na mukate?"

Fundi hakucheka. Alivuta kiti, akachukua kijiko, akala. "Hapana tupa," alisema. Tangu siku hiyo tulipika sufuria mbili kila asubuhi: ndogo yenye sukari kwa ajili yetu, kubwa isiyo na kitu kwa ajili ya vitabu. Kama bado hamjui kwa nini sukari imekatazwa, ni kwa sababu ya wadudu. Wanapenda uji wangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuula.

Namna ya kupika ile kubwa mnaijua, lakini naona mna haraka, basi nairudia. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi. Moto mdogo, mwiko usipumzike. Rangi ikitoka kwenye weupe wa maziwa ikawa kama wingu la mvua, umeiva. Uchujwe kwa soksi ya nailoni, safi. Ukitaka karatasi za mapambo, gawanya uji kwenye bakuli, tia rangi, paka kwenye karatasi iliyoloweshwa, kisha chora kabla haujakauka: kwa chanuo, kwa kizibo, kwa kidole. Uji wenye rangi husogea na kuacha matuta. Hakuna karatasi mbili zitakazofanana, na hilo si fahari, ni ukweli wa uji.

Sheria za Fundi zilikuwa chache. Kabla ya kukata karatasi, ikunje kidogo uone nyuzi zake zimelala upande gani, kwa sababu nyuzi zikienda kinyume na mgongo, kitabu kitapinda hata ukikiombea. Kitabu cha dini ya mtu, cha dini yoyote, hakilali sakafuni. Tulikuwa na rafu ya juu kwa ajili ya misahafu ya majirani zangu wa Lozells na Biblia za akina mama wa Kijamaika waliozileta zimefungwa kwa taulo. Biblia moja iliyowahi kuloa bomba lilipopasuka ilinichukua majira mazima ya baridi. Niliitenganisha ukurasa kwa ukurasa kwa mfupa bapa wa kukunjia karatasi, na mwenyewe alipokuja kuichukua alisema tu kwamba sasa imekuwa nene. Alisema kweli.

Na ilikuwepo sheria ya hukumu. Kazi ikiisha, Fundi hukisimamisha kitabu, huondoa mkono, kisha hukichukua na kukiweka sikioni, akazipeperusha kurasa kwa kidole gumba. Kitabu kilichoshonwa sawa kina sauti ya njiwa anayeruka. Halafu husema neno moja kati ya mawili. "Itasimama," kazi imepita. "Rudia," haijapita. Ukiambiwa rudia, unachukua kisu mwenyewe, unapasua mgongo, unaanza upya. Hukirekebishi. Alisema kitabu kilichorekebishwa ni uongo wenye jalada. Mama Benie alisema muzee huyu angekuwa padri, watu wangeacha kuungama.

Sasa nifike kwenye vitabu vya Krismasi.

Fundi hakuwa Mkristo, lakini aliishi peke yake tangu mkewe alipofariki, na Krismasi ya Birmingham ni ngumu kwa mtu anayeishi peke yake wa dini yoyote. Mabasi hayatembei siku hiyo. Maduka yamefungwa, isipokuwa ya kwetu Lozells, na hata humo muuzaji anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemtoa nyumbani kwake. Fundi ndiye aliyeanzisha desturi kwamba kabla hatujafunga kwa ajili ya sikukuu, kila mmoja atengeneze kitabu kidogo cha karatasi za mapambo kwa mabaki ya mwaka, ampe mwenzake. Kurasa tupu, jalada la uji wa rangi, utepe. Mama Benie alivipeleka kanisani kwao, watoto wakaandika nyimbo humo. "Kado ya Noeli," zawadi ya Krismasi, ndivyo alivyoviita. Fundi alimpa Mama Benie, Mama Benie alinipa mimi, mimi nilimpa Fundi. Tulikuwa watatu tu, hatukuhitaji kupiga kura.

Kitabu cha Mama Benie kilipita kila mwaka. Kipime pembe, pembe moja imekimbia. Kisikilize, kinakohoa. "Itasimama," anasema Fundi, na Mama Benie anavaa koti kuwakimbilia watoto wake wanne. Changu, kila mwaka, "Rudia." Mwaka wa kwanza nilikubali. Mwaka wa pili nilikubali kidogo. Mwaka wa tatu nilileta rula nikapima vyote viwili mbele yake.

"Rula hapana sikia," alisema.

Basi nilikuwa nikikipasua, nakwenda nacho nyumbani, na siku zile ambazo jiji zima limefunga milango mimi niko jikoni napika uji, nakausha karatasi kwenye kamba juu ya beseni, nashona. Mwezi wa kwanza nilimpelekea kipya. Alikipokea bila neno, akakiweka kwenye rafu yake. Bila neno si itasimama. Hilo neno sikuwahi kulipata kwa kitabu cha Krismasi, na nakiri kwamba nililitaka kuliko mshahara.

Miaka ikaenda. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa, maduka yaliyokitegemea yaliacha kutuletea vitabu vyao vya maelekezo, na kazi ikapungua. Mama Benie akapata kazi ya kufua hospitalini. Aliaga akilia huku akicheka. "Dada, muzee namuacha mikononi mwako. Akisema rudia, mwambie arudie yeye!" Kisha macho ya Fundi yakaanza kuzimika. Kwanza aliacha kutunga uzi kwenye sindano, akasema sindano za siku hizi zimepungua matundu. Halafu akawa anakagua kwa vidole na sikio tu, na hakukosea. Mwisho mwanawe akaja kumchukua, akampeleka kwake Kings Heath.

Nikabaki. Mwenye karakana alikuja mara mbili kwa wiki, mtu mwema, anaongea na simu. Nilipika sufuria moja. Ile ndogo niliipindua juu ya kabati.

Nilimtembelea Fundi Jumapili, kwa mabasi mawili. Wajukuu walinifungulia mlango wakaita, "Grandad, your lady's here," na sisi tukakaa chumba cha mbele tukaongea Kiswahili. Yeye alikuwa amebaki na changu, na mimi na chake. Mwanawe alikisikia utotoni lakini hakukisema. Wiki nyingine mazungumzo yetu ndiyo Kiswahili pekee nilichokitamka kwa sauti, ukiacha ninachosema na uji ukianza kushika chini.

Ndipo mwaka mmoja, majani yalipokwisha kuanguka, aliniambia mwanawe amepata kazi Kanada na wote wanahama. Wataruka siku mbili baada ya Krismasi.

"Kanada iko baridi, fundi."

"Baridi nimezoea. Mimi naacha hii," akasema, akagusa sikio lake. Sikumwuliza kama alikuwa na maana ya karatasi au ya maneno.

Nilijua kwamba kitabu cha mwaka ule kingekuwa cha mwisho. Nilitaka neno langu. Nikafikiri kwa utaratibu: mtu asiyeona nimtengenezee pambo la namna gani? Uji niliupika mzito kuliko kawaida ili matuta yabaki marefu yakikauka. Nilichora mawimbi kwa chanuo la mbao, na kwenye jalada la nyuma nikabonyeza ncha za vidole vyangu mstari mmoja, kama mtu anayepiga hodi. Kurasa nilichagua mabaki ya karatasi za pamba, zile kavu zenye sauti. Nyuzi nilizikagua kwa kila karatasi. Uzi niliupaka nta mara mbili. Nilipokisimamisha mezani na kuondoa mkono, kilisimama kama askari wa zamu. Nilikiweka sikioni. Njiwa.

Nilikipeleka wiki moja kabla ya Krismasi. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Fundi alikisimamisha kwenye boksi moja, akakipapasa, akapita matuta yote kwa kidole cha shahada polepole, akafika kwenye ncha za vidole vyangu, akaweka vyake humo. Akakipeleka sikioni. Alikisikiliza mpaka ukurasa wa mwisho.

Akanirudishia.

"Rudia."

"Kosa liko wapi, fundi?"

"Rudia."

"Mgongo? Uzi?"

"Mshai. Nimesema."

Mkwe wake, mke wa mwanawe, alileta chai, nikainywa, sikumbuki ladha yake. Barabara kuu ya Kings Heath ilikuwa imejaa taa na watu wenye mifuko. Nje ya baa walikuwa wakiimba. Nilikaa kwenye basi na kitabu mapajani, nikakikagua chote mpaka mjini, kisha kwenye basi la pili mpaka Lozells. Sikupata kitu. Nyumbani nilikikagua tena chini ya taa. Sikupata kitu. Nikachukua kisu nikapasua mgongo, kwa sababu sheria ni sheria na mimi si mtu wa kuvunja sheria kwa sababu imeniumiza.

Cha pili kilinisumbua. Jikoni palikuwa na unyevu, karatasi hazikutaka kukauka, na nilikuwa nimemaliza zile za pamba nzuri, nikatumia za daraja la pili. Jalada lilikaa chini ya matofali yangu yale mawili ya zamani hadi asubuhi ya Krismasi yenyewe. Siku iliyofuata mwana wa Fundi alikuwa akiwapeleka wote kwa jamaa karibu na uwanja wa ndege. Kama ningempata, ilikuwa ni siku hiyo, na mabasi hakuna.

Nikatembea. Nilishuka mjini, mitaa mitupu, njiwa tu, wale wa kweli. Nikapita Balsall Heath ambapo maduka mawili ya matunda yalikuwa wazi, nikapanda Moseley, nikafika Kings Heath miguu ikiwa si yangu. Kitabu nilikibeba kifuani ndani ya koti kama mtoto mwenye homa.

Mkwe wake alifungua mlango akasema kwa Kiingereza, "Umefikaje?" Fundi alikuwa chumba cha mbele, amevaa koti tayari, kana kwamba ndege iko nje.

"Leo hapana basi," alisema kabla sijasalimu.

"Nimekuja kwa miguu."

"Kutoka Lozells?"

"Ulisema nirudie."

Alinyoosha mikono. Nikampa. Alikisimamisha juu ya sanduku, akaondoa mkono. Kikasimama, na mimi niliona kinaegemea kidogo. Alikisikiliza. Akatikisa kichwa.

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Nimekipasua."

Akageuka, macho yake yakatafuta mahali nilipo, yakakosea kidogo. "Umepasua?"

"Ukisema rudia, si tunapasua? Miaka yote."

"Ile ilikuwa mzuri! Ile ilikuwa mzuri kuliko hii!"

"Basi kwa nini usiseme itasimama?"

Alikishusha kitabu kutoka sikioni. Jikoni wajukuu walikuwa wakigombania kitu na redio inaimba nyimbo za sikukuu.

"Nikisema itasimama," alisema, "wewe nafanya nini? Nakunywa chai, nasema kwaheri fundi, naenda. Kwisha. Nikisema rudia, wewe lazima narudi." Akakipapasa kile kitabu pembeni. "Mama Benie iko na watoto nne. Yeye hapana haja ya rudia. Wewe na mimi, Krismasi, tuko na nini?"

Nilikuwa nimemaliza miaka nikipima pembe.

"Basi hii je?" nikauliza. "Hii inaegemea, fundi. Nimeiona."

"Naegemea, ndiyo." Alikitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo. "Itasimama."

Hivyo ndivyo nilivyolipata neno langu, kwa kitabu kisichostahili. Mwanawe alinirudisha nyumbani kwa gari. Nilipokuwa nashuka alisema "kwaheri" kwa Kiswahili, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka glasi mezani.

Fundi alipiga simu kutoka Kanada mara chache. Sikio nalo lilikuwa likimwacha, nikawa napaza sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Mara ya mwisho aliuliza, "Ile ya kwanza umeshona?"

"Bado, fundi."

"Basi iko kazi."

Sasa simu haiji tena. Mkwe wake aliniandikia, barua fupi na nzuri, kwamba kitabu kilichoegemea walikiacha mfukoni mwa koti alilovalishwa kwa safari ya mwisho.

Kile cha kwanza ninacho. Mikunjo yake yote iko sawa, matuta hayajapungua hata moja, mgongo tu ndio uko wazi. Nilikuwa nikijiambia nitakishona nikistaafu. Nimestaafu, na mkono hautoboi. Nadhani hata ungetoboa ningetafuta sababu nyingine.

Nimesikia mmeendeleza desturi ya vitabu vya Krismasi, nyinyi wawili. Vileteni kwangu nivikague. Njooni mkesha, kwa sababu siku yenyewe mabasi hayatembei. Nitapika sufuria ya sukari. Nawaambia mapema kwamba hata kitabu kikisimama wima na kulia kama njiwa, nitasema rudia.

Msipasue.